Panya Waliofukizwa Ubani

Siku ya kwanza kazini nilikwenda na paka.

Msinicheke kwanza, wajukuu zangu, sikilizeni. Mimi ni wa Kudha, kisiwani, na nilipopata habari kwamba spitali ya Kisimayu wanatafuta mtu wa panya, nilielewa kama ambavyo mtu yeyote wa Kudha angeelewa. Panya wa kwetu walikuwa wanakula nyavu, wanakula kamba, wanakula tanga likiwa juu ya mlingoti. Mmoja alikula kofia ya babangu nayo iko kichwani, na baba yuko msikitini. Kwa hiyo nikamchukua jike letu la madoa, paka muuaji hasa, nikamtia kwenye kapu, nikachukua na rungu, nikavuka.

Nikaonyeshwa nyumba ndefu ya mbao nyuma ya spitali. Mlangoni amesimama mwanamke mrefu, mwembamba, kanzu nyeupe mpaka magotini. Huyo ndiye Dakitari, Msomali wa Mogadisho, mamake Mbarawa, kwa hiyo Kiswahili anakisema, tena cha kukukata. Alisomea ng'ambo magonjwa ya akili.

"Waria, wewe, kapuni mna nini?"

"Silaha, Dakitari."

Akafunua. Paka akamtazama, yeye akamtazama paka. Akafunika taratibu.

"Walaal, ndugu yangu, panya wa humu hatuwaui. Tunawalea."

"Tunawalea mpaka lini?"

"Mpaka watuambie siri."

Hapo nikajua nimefika kwenye nyumba ya wazimu, na wa kwanza kuugua ni mganga mwenyewe. Lakini nilikuwa na njaa, na kazi ni kazi. Paka nikampeleka kwa shangazi yangu Mwana Esha, mjini, nikarudi kuanza ulezi.

Panya wenyewe weupe pepepe, macho mekundu, wametoka Mogadisho kwa ndege. Kwa ndege! Mimi mpaka leo ndege naiona tumbo tu ikipita juu. Wamelala kwenye vizimba vya waya na bati, chini tumewatandikia unga wa mbao kutoka kwa mafundi wa mashua. Cheo changu cha kwanza kilikuwa kufagia vizimba. Cha pili, kupima uzito, maana dawa inakwenda kwa uzito, panya mnene na panya mkondefu hawanywi sawa. Nilijifunza kumshika panya kwa shina la mkia na kumlaza kiganjani hata analala usingizi. Nawaapia, walikuwa wakinipenda kuliko wake zao.

Tena tuligeuza mchana kuwa usiku. Panya ni mtu wa usiku, mchana amelala. Dakitari akaziba madirisha yote kwa turubai jeusi, akaweka taa nyekundu, ambayo jicho la panya haliioni sawasawa. Basi sisi tunawaona, wao wanadhani kiza, wanatoka kufanya mambo yao. Usiku ukiingia nje, tunawawashia taa nyeupe, wanalala. Mimi nikitoka humo adhuhuri jua linanipiga kofi, nasalimia watu "masalkheri" saa sita mchana. Mji mzima ukajua Bakari kaharibika.

Siku moja nikamuuliza, "Dakitari, panya anaingiaje wazimu? Anasikia sauti? Anajiona sultani?"

Akacheka. "Akijiona sultani hatatuambia. Skizofrenia ni ugonjwa wa binadamu, Bakari. Mgonjwa anasikia watu wanasema na hawapo, anaamini majirani wanamtega, mawazo yanamkatika. Hayo yote huwezi kumtia panya. Sisi tunaiga kipande kimoja tu. Fundi wenu akitaka kujua umbo jipya litakaa vipi majini, si anachonga kwanza kimashua cha kuchezea? Panya wetu ndio kimashua. Ndiyo maana tunawaita panya mfano."

Na kipande chenyewe kiliigwa kwa nini? Kwa mairungi, yaani miraa! Tulikuwa tukisaga majani ya mairungi, tunakamua, Dakitari anasafisha yale maji kwa vichupa vyake, halafu panya anatiwa kidogo mdomoni kwa bomba la shingo ya mpira. Subhanallah. Panya alikuwa akikimbia, ungemfunga jembe angelima mpaka Ras Kamboni. Anazunguka, ananusa pembe ileile, anarudi, ananusa tena pembe ileile, anatafuna waya. Kule kurudiarudia ndiko alikokuwa akikutafuta Dakitari. Mimi nilikuwa nawatazama nasema, wallahi huyu ni fulani wa barazani, bado tu kuanza kuzungumza siasa.

Halafu ndiyo inakuja dawa ya kujaribiwa. Panya tunawagawa. Kundi la dawa wanapewa dawa, kundi la maji wanapewa maji matupu, na wote wamekunywa mairungi. Kama wa dawa wametulia na wa maji bado wanakimbia, dawa ina kitu. Na anayetazama haambiwi nani ni nani, asije akaona anachotaka kuona. Hicho ndicho kikawa cheo changu cha tatu, mtazamaji. Nikakaa chini ya taa nyekundu na saa mkononi, nahesabu panya kavuka mstari mara ngapi. Tena kulikuwa na jaribio la kijiti. Panya unamwegemeza mikono yake juu ya kijiti. Mzima anashuka papo hapo, ana shughuli zake. Aliyepewa dawa kali anabaki pale kama sanamu, mikono juu, kaganda.

"Na binadamu hivyohivyo," Dakitari akasema. "Dawa zetu zinatuliza akili lakini zinagandisha mikono. Mimi natafuta inayotuliza bila kugandisha."

Aliposema hivyo mimi nikapoteza hesabu yangu ya panya. Nilikuwa namfikiria Shee.

Shee ni binamu yangu, mtoto wa pekee wa huyo shangazi Mwana Esha. Fundi wa mashua, mzaliwa wa Chovae, kisiwa kingine cha kwetu, na kwa kalafati hana mwenzake, yaani ile kazi ya kusindilia pamba na mafuta ya papa katikati ya mbao maji yasipite. Mashua aliyoikalafati Shee ungeigeuza juu chini ikanyesha mvua mwaka mzima, ndani ungekaanga samaki. Halafu akiwa kijana mbichi akaanza kusikia watu ndani ya mbao. Wanamwita, wanamtukana. Akaanza kubomoa mashua za watu usiku na mchana kuwatoa. Wazee wakamfunga mnyororo mguuni kwenye nguzo, kama walivyofungwa wengi. Mamake akamhamisha Kisimayu apate spitali, na mnyororo akaja nao.

Spitali walikuwa wakimchoma sindano ya mwezi, sindano ya mafuta inayokaa mwilini muda mrefu. Sauti zilipungua. Lakini mikono! Ile mikono ilikuwa ikitetemeka na kukakamaa, kijiko kinamwangukia. Na sindano yenyewe alikuwa akiiogopa kuliko moto. Walikuwa wakimshika wanaume kama wanavuta chombo pwani, na mnyororo hauthubutu kufunguliwa, maana akifunguliwa anakimbia.

Shangazi alikuwa amepata kazi ya usafi palepale kwenye nyumba yetu ya panya. Siku moja akamkabili Dakitari na kifurushi, akamwambia kwa lugha ya kwetu visiwani, ambako watu ni wachu.

"Mwanangu, huu mzizi umetoka Chovae. Mababu walikuwa wakiwapa wachu wa wazimu. Wape panya wako. Wakipona, nampa Shee, na sindano basi."

Mwingine angemcheka. Dakitari hakucheka. Akaukata mzizi, akaunusa, akasema kuna dawa za magonjwa haya zilizotoka kwenye mizizi huko duniani. "Edo, shangazi, nitajaribu. Lakini ahadi. Shee haachi sindano mpaka nimalize."

"Malizia upesi."

Basi tukaanza. Wajukuu zangu, niwaambie nini? Ile wiki ya kwanza nilitazama panya mpaka macho yangu yakawa mekundu kama yao. Nahesabu, nahesabu. Dakitari akafungua siri ya nani ni nani. Kundi la maji walikuwa wakikimbia kama kawaida, wanatafuna waya. Kundi la mzizi wametulia! Wanatembea kiungwana, wanajilamba, na kwenye kijiti wanashuka mara moja, hawakuganda hata kidogo.

Dakitari alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka. Mimi nikapiga vigelegele, mwanamume mzima. Shangazi akaja mbio na ufagio, akaambiwa, akakaa chini kwenye unga wa mbao akashika kichwa. Mkurugenzi wa spitali akaitwa. Bwana mkubwa huyo, tumbo mbele kama ngoma, na panya alikuwa akiwaogopa kufa. Amri zake zote kwenye nyumba yetu alizitoa amesimama juu ya kiti.

"Nitapiga simu Mogadisho!" anapaza sauti huko juu. "Dawa ya Kisimayu! Ya kwetu! Watakuja Wataliano, watakuja Warusi!"

"Bado, Mkurugenzi," Dakitari akasema. "Tunarudia."

"Unarudia nini? Panya wameshasema!"

"Waseme tena."

Tukarudia, wakasema vilevile. Mimi nikaanza kutembea mjini kifua mbele. Nikawaambia watu wa forodhani kwamba kuna panya wangu mmoja katulia vizuri hata ameanza kuswali. Lakini shangazi naye alikuwa akihesabu yake. Sindano ya Shee ilikuwa inafika Jumapili ile. Jumamosi alfajiri nilipopita kwake akaniambia, uso mkavu, "Kesho hachomwi. Nampa mzizi. Ahadi nimeitimiza, panya wamepona."

Nikamwambia Dakitari. Akasema, "Nipe leo tu. Jaribio la mwisho, halafu nitazungumza naye."

Sasa Jumamosi hiyo shangazi hakuwepo kazini, alikuwa jikoni kwenye arusi ya jirani yake. Tukawapa panya mairungi, Dakitari akawapa wengine mzizi, wengine maji, nikakaa chini ya taa nyekundu. Mungu wangu! Panya wote walikuwa wanakimbia! Wa mzizi, wa maji, wote wanazunguka kama wametumwa. Mmoja aliruka akagonga kifuniko, akaruka tena, akagonga tena palepale.

Dakitari alifungua siri, akatazama. Akapima mzizi upya, akapima mairungi upya. Sawa yote. Akazunguka ile nyumba kama panya mwenyewe. Halafu akasimama katikati.

"Bakari. Leo kimekosekana nini?"

"Hakijakosekana kitu. Wote tupo, ila shangazi."

"Shangazi huwa anafanya nini asubuhi, kabla hatujaingia?"

"Anafagia."

"Kamwite."

Nikamtoa arusini, mikono ina unga wa maandazi, ananung'unika njia nzima. Dakitari akamwambia kwa upole, "Edo, hebu fanya kama unavyofanya kila siku ya dawa. Usibadilishe kitu."

Shangazi akanawa. Akafagia. Akatoa chetezo chake nyuma ya mlango, akatia makaa, akatia ubani. Sasa hilo hakuna ambaye angelishtukia. Kisimayu nzima inanuka ubani, nguo zetu, nywele zetu, mbuzi wetu. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa akinuka ubani kuliko sanduku la bi arusi. Lakini tazameni sasa. Akaenda kwenye rafu, akatazama chini ya vizimba alama za Dakitari, zile nilizokatazwa mimi kuzitazama, akachagua vya kundi la dawa tu, akavipanga ubarazani, akavifunika kanga, akaingiza chetezo chini. Wale wa maji hata hakuwatazama.

Dakitari sauti ilikuwa ndogo. "Edo, mbona hawa tu?"

"Si hawa ndio wanaokunywa dawa? Mchu hapewi dawa bila fukizo, haishiki."

"Na wale?"

"Wale wanakunywa maji, mwanangu. Wanaumwa nini hata niwapotezee ubani?"

Wallahi Dakitari alicheka mpaka akaegemea ukuta, mpaka machozi. Mimi nikacheka, hata sijui nacheka nini. Halafu yeye akafuta macho, nami nikaona uso wake, kicheko kikanikatika. Shangazi akatutazama mmoja mmoja.

"Nini?"

"Edo," akamshika mkono, "si mzizi uliowatuliza panya. Ni moshi. Leo wamekunywa mzizi bila moshi, na wote wamekimbia."

"Basi nampa Shee moshi."

"Shee umemfukiza tangu utoto wake. Umemponya?"

Shangazi alikaa kwenye ngazi ya ubaraza, kanga ya panya mapajani, ubani unawaka peke yake. Sijapata kumwona mtu anazeeka kwa dakika moja ila siku ile. Akasema, "Mimi nilikuwa nataka mikono yake tu. Wazimu abaki nao, lakini mrudishieni mikono yake."

Dakitari akakaa naye palepale ngazini, kanzu nyeupe kwenye vumbi. Akamwambia sindano itapunguzwa, kuna na kidonge cha kulegeza mikono atakileta kutoka Mogadisho. Hakumuahidi uponyaji. "Nakuahidi nitajaribu polepole, na nitamtazama kama ninavyowatazama hawa."

Shangazi akaikunja kanga. "Kesho mchome. Lakini nimfukize kwanza. Dawa ni dawa."

"Mfukize," Dakitari akasema.

Jumapili walikuja wauguzi wawili wenye misuli, tayari kwa vita. Shee kajikunyata kwenye nguzo. Shangazi akawaambia wakae nje. Akawasha chetezo, akamfunika Shee shuka kichwa na mabega, akawa anamsemesha taratibu ndani ya moshi, majina ya watu wa Chovae, nani kaoa, nani kajenga. Tukasubiri. Ilipofunuliwa shuka, Shee macho yamelegea kama mtoto aliyetoka kuoga. Akanyosha mkono mwenyewe. Mwenyewe, nakwambieni! Muuguzi akachoma, hakuna aliyemshika. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango na ngao ya sufuria.

Dakitari alikuwa akitazama, midomo wazi. Akamwambia shangazi, "Edo, hilo halimo kwenye majaribio yangu, lakini limo kichwani mwangu."

Mnyororo ukafunguliwa siku ileile. Haukurudi.

Kidonge kikaja, sindano ikapunguzwa, na mikono ya Shee ikaanza kurudi, kidole kidole. Sasa Dakitari alitaka kujua ukweli wa ubani na mzizi kila kimoja peke yake, lakini ile nyumba ya mbao ilikuwa inavuja moshi kama kikapu. Ukifukiza upande huu, panya wa upande ule wanapata. Akataka ukuta wa katikati usiopitisha hata harufu. Seremala wa spitali akasema haiwezekani.

Nikamleta Shee. Akaja na patasi butu na nyundo yake ya mti. Akautazama ukuta wa mbao, akaupapasa, akaweka sikio. Nikasema moyoni, sasa atawasikia watu wake humo ndani. Shangazi akashika kanga kwa meno.

"Wanasema?" Dakitari akamuuliza, wazi tu.

"Wanasema kidogo," Shee akajibu. "Nitawaziba."

Akafanya kazi. Mwanzo nyundo inamponyoka, anaiokota, analaani, anaendelea. Pamba, mafuta ya papa, nyundo. Panya walichukia ile harufu, na Mkurugenzi akahamisha ofisi. Alipomaliza, Dakitari akafukiza upande mmoja mpaka mtu haoni pua yake, sisi tukaingia upande wa pili tukanusa. Hakuna. Shangazi akanusa kila pembe kama panya wa mairungi, akarudi kunusa pembe ileile, halafu akaishika mikono ya mwanawe akaibusu.

Majaribio yakafanywa upya, wakati huu makundi manne, na shangazi akapewa amri kali ya kutomhurumia mtu. Mzizi peke yake, hakuna kitu. Ubani peke yake, panya wanatulia, lakini hata panya wazima wasiokunywa mairungi walitulia, halafu moshi ukiisha wanarudi walivyokuwa. "Unatuliza woga," Dakitari akasema. "Skizofrenia hauigusi." Mkurugenzi akashuka kwenye kiti kwa huzuni kubwa, akakanyaga panya wa kuchezea niliyemwekea pale, akapanda tena. Dakitari hakusikitika hata kidogo. Alikuwa na furaha kuliko siku ile ya vigelegele, kwa sababu sasa anajua.

Nimefanya kazi ile mpaka vita vikaja, na vita havijui kundi la dawa na kundi la maji. Ile nyumba haipo tena. Mimi niko Ras Kamboni, nimestaafu, na panya wa humu ndani mwangu wananijua. Mke wangu anapiga kelele, "Bakari, ua huyo!" Mimi namtazama kwanza kavuka mstari mara ngapi. Mkitaka kujua kazi yangu ilinifunza nini, ndiyo hiyo. Ukifurahi sana, rudia. Na kabla hujausifia mzizi, uliza nani kafukiza.

Shee yuko hai. Mzee mwenzangu, mvi tupu, sauti zake bado zinakuja mara mojamoja, na anaziambia zingoje amalize kazi. Mamake katangulia, Mungu amrehemu, lakini chetezo kabaki nacho. Juzi nilimsindikiza kwenye sindano yake. Akakaa, akatoa chetezo kapuni, akatia kaa, akajifunika shuka. Muuguzi, msichana mgeni, akakohoa, akauliza, "Mzee, moshi wa nini huu?"

Shee akafunua shuka kidogo, akamnyoshea mkono, mkono mnyofu hautikisiki.

"Choma, mwanangu," akasema. "Mimi niko kundi la dawa."